Mitandao ya Kijamii kwa Shirika Lisilo la Faida: Mwongozo Kamili kwa Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mashirika mengi madogo ya Kisumu, Siaya, Busia na Kakamega yana ukurasa wa Facebook. Ukiufungua, aghalabu utakuta picha za warsha: watu wameketi kwenye viti vya plastiki, bango limetundikwa ukutani, na maelezo yanasema mafunzo yalifana. Chini ya picha mama mmoja ameuliza ni lini mafunzo hayo yatafika kijijini kwake, na swali lake halijajibiwa. Shirika limetumia fedha na saa nyingi kuzungumza, lakini pale mwananchi alipofungua kinywa halikuwapo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye swali la mama huyo. Nashikilia kwamba shirika lisilo la faida hunufaika na mitandao pale linapoitumia kwanza kusikiliza, kisha kukusanya taarifa pamoja na wananchi, kisha kutoa hesabu hadharani. Sifa na wahisani hufuata baada ya hapo, na mara nyingi hufuata bila kushurutishwa.

Hatua ya kwanza: fahamu simu zilizo mikononi mwa watu wako

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, pita kwenye baraza, kwenye mkutano wa chama au kwenye kliniki, ukaulize maswali machache. Simu uliyo nayo ni ya intaneti au ni mulika mwizi? Ni yako, au mnatumia pamoja na mumeo au mwanao? Bando unanunua ya siku, ya wiki, au unangoja ipatikane ya bure? Unapenda kusoma Kiswahili, Kiingereza, Dholuo au Kiluhya, au ungependa zaidi kusikia sauti? Majibu ya watu arobaini au hamsini yatakufaa kuliko semina nzima juu ya mikakati ya mawasiliano, kwa sababu yatakuonyesha ni nani hutampata kabisa kwa njia ya mtandao.

Swali la simu inayotumiwa na wawili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ujumbe kuhusu uzazi wa mpango au dhuluma za nyumbani ukitumwa kwenye simu ambayo mume huishika jioni unaweza kumletea mke balaa. Kwa mambo ya namna hiyo, mwelekeze mtu kupiga simu mwenyewe kwa wakati wake. Nambari ya 1195 hupokea bila malipo simu za walioathiriwa na dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto.

Hatua ya pili: chagua njia moja kuu, nyingine ziwe za kuisaidia

Shirika lenye wafanyakazi watatu haliwezi kuwa hai Facebook, WhatsApp, X, TikTok na YouTube kwa wakati mmoja. Akaunti tano zilizolala huwapa watu picha mbaya kuliko akaunti moja inayojibu. Kwa kazi ya vijijini na mitaani, kama Nyalenda, Manyatta au Obunga, njia kuu huwa WhatsApp, maana ndiyo ambayo watu tayari hutumia kwa chama, kwa mazishi na kwa kanisa. Facebook hufaa kwa wale msiojuana nao bado: waliozaliwa huku wakaenda kuishi Nairobi, Mombasa au ughaibuni, na ambao wangependa kuona kinachofanyika nyumbani. X ni ya waandishi wa habari na maafisa wa serikali, na inatosha kuitumia pale tu unapotaka jambo liwafikie. TikTok ni ya vijana, lakini humeza muda. Ikiwa hapo ofisini hakuna kijana anayeipenda kwa dhati, iache.

Wale wenye simu ndogo wasisahaulike. Meseji za kawaida huwafikia, na kampuni za Kenya kama Africa's Talking huuza huduma ya kutuma na kupokea meseji nyingi kwa pamoja. Redio za hapa, Radio Ramogi kwa Dholuo na West FM upande wa Bungoma, bado zina wasikilizaji ambao mtandao hauwagusi. Mpango mzuri huunganisha njia hizi: swali lililoulizwa mara nyingi kwenye WhatsApp hupelekwa redioni, na wasikilizaji hupewa nambari ya kutuma meseji.

Hatua ya tatu: akaunti iwe mali ya shirika

Hapa nitakuwa mfupi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Nunua laini mpya na uisajili kwa jina la shirika, kisha ifungue kwenye WhatsApp Business, ambayo haina malipo na hukuruhusu kuweka saa za kazi, majibu ya haraka na lebo za kupanga mazungumzo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nambari ya siri ya ziada, kwenye kila akaunti. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mjumbe wa bodi, ili mfanyakazi akiondoka kwa ugomvi asiondoke na ukurasa. Nywila zihifadhiwe mahali ambapo mwenyekiti anaweza kuzipata. Na jina linaloonekana liwe lile lile lililo kwenye cheti cha usajili, kwa sababu tangu Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika Mei 2024, wahisani wengi huanza kwa kuuliza cheti.

Hatua ya nne: endesha kikundi cha WhatsApp kwa kanuni

Wengi hufikiri kikundi huundwa kwa kuongeza nambari tu. Nambari ya mtu ni taarifa yake binafsi, na ukimwingiza kwenye kikundi, kila mwanachama huiona. Fikiria shirika linalowasaidia watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori ndizo zilizo na viwango vya juu zaidi vya maambukizi nchini, na mashirika ya aina hii ni mengi. Kikundi kiitwacho "Wateja wa ART Kondele" (ART ni kifupi cha tiba ya dawa hizo) kinatangaza hali ya kila aliyemo kwa kila aliyemo, na pia kwa yeyote atakayeokota simu ya mmoja wao. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na "nilimwongeza tu kikundini" si utetezi.

Kwa kazi ya siri kama hiyo, tumia orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, ambapo kila mtu hupokea ujumbe peke yake na kujibu peke yake. Orodha moja hubeba watu 256, na ujumbe huwafikia tu wale waliohifadhi nambari yenu, kwa hiyo siku ya kumsajili mtu mwombe aihifadhi papo hapo mkiwa pamoja, kwa jina lisiloshtua. Ujumbe wenyewe usitaje ugonjwa. "Habari za asubuhi, mama. Tunakukumbusha miadi yako ya Alhamisi saa tatu. Ikiwa utachelewa, tujulishe hapa" unatosha.

Kwa kazi isiyo ya siri, kama vile kikundi cha wakulima wa mpunga Ahero au wavuvi wa Dunga, kikundi cha kawaida kinafaa, na sasa kinaweza kubeba watu 1,024. Ushauri wangu ni kutokaribia idadi hiyo. Kikundi cha watu sitini wanaofahamiana huzungumza. Cha watu mia nane hugeuka kuwa mahali pa kutuma matangazo ya mikopo, picha za maua na siasa. Panapokuwa na wengi, gawanya kwa wadi au kwa kijiji, kisha viunganishe vikundi hivyo chini ya Jumuiya moja ya WhatsApp, ambayo ina sehemu ya matangazo wanayoandika wasimamizi tu.

Andika kanuni chache na uziweke kwenye maelezo ya kikundi: kikundi ni cha nini, nini hakiruhusiwi, nani husimamia, na maswali hujibiwa saa ngapi. Kanuni ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Ukisema mtajibu kila siku ya kazi kati ya saa nne na saa sita, jibuni katika saa hizo hata kama jibu ni "Hatujui bado, tunauliza kwa afisa wa kilimo, tutarudi Jumatano". Na Jumatano ifike na jibu. Mwanakikundi akileta hoja kali, msimamizi asimjibu kwa ukali. "Asante, mzee wangu, kwa kusema wazi. Tumelichukua, na mratibu atakupigia leo jioni" huzima moto mwingi, mradi mratibu apige kweli.

Uvumi utaingia, jiandaeni. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa nchini Kenya Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, na shirika lolote linalofanya kazi karibu na chanjo, mbolea ya ruzuku au bursari litaletewa maneno ya kutia hofu. Msimamizi akifuta ujumbe wa uvumi kimyakimya, aliyeutuma huona kwamba kuna kinachofichwa. Njia bora ni kumwuliza ameupata wapi, kisha kuleta sauti ya mtu anayeaminiwa na wanakijiji wenyewe, mathalani mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo hilo, aeleze kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili kwa lugha ya nyumbani. Kila uvumi unaorudi uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya miezi michache daftari hilo litakueleza watu wanaogopa nini, na hapo utajua mafunzo yajayo yawe juu ya jambo gani.

Hatua ya tano: kusanya taarifa pamoja na wananchi

Hii ndiyo sehemu ambayo mashirika ya huku huiacha bila kuitumia, ilhali Kenya ndiyo iliyoifundisha dunia. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Kisumu na Nakuru zilizionja vikali, watu wachache, wengi wao Wakenya, wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walianzisha Ushahidi. Mtu alituma taarifa kwa meseji au barua pepe, taarifa ikawekwa kwenye ramani, na wengine wakaona mahali palipokuwa na hatari. Programu hiyo ilisambaa hadi Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010 na nchi nyingine nyingi. Wazo lenyewe ni jepesi: macho ya watu elfu moja huona mengi kuliko ya maafisa wawili wenye pikipiki moja.

Tuchukue mafuriko. Mto Nyando hufurika katika tambarare za Ahero na Nyakach, Mto Nzoia hufurika Budalang'i, na mwaka 2020 na 2024 ziwa lenyewe lilipanda likazifukuza familia nyingi ufuoni. Shirika linalotaka kusaidia kwa haraka linahitaji kujua maji yamefika wapi, barabara gani imekatika, na ni watu wangapi wamehamia shule gani. Panga kazi hivi.

Teua waangalizi wawili kwa kila kijiji, mwanamume na mwanamke, mmoja wao akiwa karibu na mzee wa kijiji. Wafunze kutuma taarifa yenye mambo manne: mahali, saa, alichokiona kwa macho yake, na kinachohitajika. Ujumbe wa "Maji yamejaa huku, tusaidieni" haumfikishi mtu popote. Mwenye zamu ofisini ajibu papo hapo: "Pole sana, mama. Uko upande gani wa daraja? Umeyaona mwenyewe au umeambiwa? Yamefika magotini au kiunoni?" Baada ya maswali hayo ujumbe hugeuka kuwa "Saa kumi na mbili unusu asubuhi, maji yamefika magotini kwenye uwanja wa shule ya msingi, familia kama ishirini ziko madarasani, hawana maji safi ya kunywa." Taarifa hiyo inaweza kupelekwa kwa Msalaba Mwekundu au kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, na mtu akachukua hatua.

Ziwekwe kwenye jedwali moja lenye safu ya "imethibitishwa" na "haijathibitishwa". Taarifa huhesabiwa kuwa imethibitishwa pale watu wawili wasiotegemeana wanapoisema, au picha inapoonyesha mahali panapojulikana. Picha za mafuriko ya miaka iliyopita huzunguka upya kila msimu wa masika, kwa hiyo usichapishe picha hadi umwulize aliyeituma ameipiga lini na amesimama wapi.

Kwa uchunguzi wa utaratibu, kama vile kuhesabu visima vibovu au vyoo vya shule, tumia KoboToolbox, programu ya kutengeneza fomu za uchunguzi. Fomu hujazwa kwenye simu ya Android hata pasipo mtandao, na data hupanda mtandao unapopatikana. Kwa ramani zenyewe, tazama OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mtaa wa Kibera ulichorwa humo na vijana wake wenyewe kuanzia mwaka 2009, na hakuna kinachozuia vijana wa Obunga au Bondeni kule Nakuru kufanya vivyo hivyo kwa vichochoro, mabomba na taa za barabarani. Tahadhari moja: usiweke kwenye ramani ya wazi nyumba ya mtu mmoja mmoja, kituo cha kuhifadhi waliokimbia dhuluma, wala jina la aliyetoa taarifa.

Ni lazima taarifa irudi kwa walioitoa. Mwangalizi aliyetuma ujumbe usiku wa manane akiwa ndani ya maji, kisha asisikie neno, hatatuma tena msimu ujao. Kila Ijumaa andika kikundini: taarifa ngapi zilipokelewa, zilipelekwa kwa nani, nini kilifanyika na nini hakikufanyika.

Hatua ya sita: picha, majina na sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu mashirika yasiyo ya faida sawa na inavyohusu benki. Hali ya afya ya mtu ni taarifa nyeti. Taarifa za mtoto zahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni fedha ambazo zingeweza kuwa bajeti nzima ya shirika dogo.

Idhini ya kweli huombwa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, kabla ya picha kupigwa, na bila kuambatanishwa na msaada. Mtu anayepokea unga huku kamera ikimwelekea hawezi kukataa, kwa hiyo idhini yake haina maana. Mwonyeshe picha kwenye simu, mweleze itaonekana wapi na kwamba jirani na shemeji wanaweza kuiona, na mwambie anaweza kuifutisha baadaye. Mimi ningependelea mashirika yaache kabisa picha za watoto wenye njaa na kamasi. Picha ya mikono inayofunga bomba jipya, au ya wanawake wakikagua daftari la chama, huwavuta wahisani vilevile bila kumdhalilisha mtu. Na kabla ya kuipiga, zima huduma ya mahali katika mipangilio ya kamera, ili faili isibebe maelezo yaliyofichika ya mahali ilipopigwa.

Hatua ya saba: michango na hesabu

Wakenya wanajua kuchanga. Julai 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ya kusaidia walioathiriwa na ukame ilionyesha kwamba M-Pesa na mitandao vikishirikiana, hata mwenye shilingi kumi ana nafasi yake. Omba nambari ya Paybill kwa jina la shirika. Nambari ya simu ya mkurugenzi huua imani hata kama mkurugenzi ni mtu safi. Kisha itumie vizuri ile sehemu ya nambari ya akaunti: kwenye tangazo la Facebook waambie watu waandike FB, kwenye WhatsApp waandike WA, redioni waandike RADIO. Mwisho wa mwezi taarifa ya M-Pesa yenyewe itakuonyesha njia ipi inaleta michango, bila kulipa mtaalamu. Kumbuka pia kwamba michango ya hadharani ina sheria yake, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, hivyo ulizia kibali kabla ya kuanza kampeni kubwa.

Ombi liwe la kitu kinachoonekana, chenye bei na mwisho: vyandarua kadhaa kwa wodi ya akina mama, karo ya muhula mmoja, pampu ya kisima fulani. Lengo likitimia, funga ombi siku hiyo hiyo na ulitangaze. Ndani ya wiki mbili chapisha risiti, zikiwa zimefichwa nambari za simu za watu, na ueleze bakaa limeenda wapi. Wachangiaji wengi husamehe bei kupanda, lakini hawasamehi kimya.

Kwa mashirika yaliyosajiliwa, Google ina mpango wa mashirika yasiyo ya faida ambao, ukikubaliwa, hutoa hadi dola 10,000 kwa mwezi za matangazo kwenye utafutaji wake. Inaonekana neema kubwa, ila humfaa mwenye tovuti nzuri na mtu wa kuisimamia. Asiye navyo asihangaike nao mwaka wa kwanza.

Hatua ya nane: pima kinachofaa, na ujue kufunga

Mara moja kwa mwezi, keti na wenzako kwa saa moja mkitazama mambo machache: maswali mangapi yaliulizwa na mangapi yalijibiwa, jibu lilichukua muda gani, taarifa ngapi za wananchi zilizaa hatua, wachangiaji wangapi walirudi mara ya pili. Idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda mwaweza kuitaja kwa mhisani akiiuliza, lakini isiongoze uamuzi. Ikiwa maswali yameongezeka na majibu yamechelewa, punguzeni matangazo mapya hadi mlipe deni hilo.

Mradi ukiisha, kikundi nacho kina mwisho wake. Tangaza wiki nne mapema, waulize wanachama kama wangependa kuendelea chini ya viongozi wao wenyewe, na ikiwa ndivyo, wakabidhi usimamizi kisha mfanyakazi wa shirika aondoke. Ikiwa sivyo, washukuru, waachie nambari ya ofisi inayohusika na jambo lao katika serikali ya kaunti, ondoa wanachama, futa mazungumzo kwenye simu ya kazi pamoja na nakala za akiba, na uandike kwenye kumbukumbu za shirika tarehe data ilipofutwa na jina la aliyeifuta.